Chumvi kwa Mkono wa Kushoto

Chumvi ya Mreno si kama chumvi ya paketi. Ni mawe mawe, inakwaruza vidole, na inanuka samaki hata kabla haijagusa samaki, kwa sababu pale dukani, hapa kwetu Rosettenville, Johannesburg, magunia yake yanakaa chini ya wale samaki wakubwa waliokaushwa mpaka wakawa wagumu kama mbao. Huwa nainunua kwa ajili ya nyama ya Jumamosi. Wenzangu wa kanisani wanasema najidai, chumvi ni chumvi. Waache waseme. Mimi nikitia mkono kwenye gunia lile, nikachota, nikaiachia iteremke polepole, narudi kuwa mtoto ambaye hajamaliza kung'oa meno ya utoto, niko mlangoni kwa mama yangu, namngoja mtu aje nimwangushe.

Lakini nimeanzia katikati. Nianze na Naomi.

Naomi ni mjukuu wangu, huniita Nkambo, yaani bibi, na sitaficha: katika barabara yetu yote hakuna mtoto mwenye akili kama yeye. Anacheza raga shuleni na ana mabega ya mtu wa kubeba saruji, na atakayemcheka anijie mimi. Mwaka mzima huu ameshikwa na ugonjwa mmoja, sumo, mieleka ya Wajapani. Kila baada ya miezi miwili wanapigana majuma mawili na ushei, halafu wanapumzika, halafu wanaanza tena mji mwingine. Naomi akitoka shule anatupa mkoba, hasalimii vizuri, anatafuta kwenye simu nani kashinda. Mimi nilikuwa napita tu na ndoo zangu. Sikutazama. Nilisikia kelele za watu na nikadhani ni mpira.

Jumamosi moja akaniita. Nilikuwa na beseni la nyama mapajani, mikono imejaa chumvi ya Mreno.

"Nkambo, njoo umwone huyu. Ni mdogo lakini anawabeba."

Nikainama kwenye simu. Nikaona tumbo, nywele zilizofungwa juu kama za bibi harusi, mkanda kiunoni. Yule mtu akachota chumvi kwenye kikapu, akaitupa juu ikatawanyika kama vumbi la unga.

"Huyo anakosea," nikasema.

"Anakosea nini?"

"Mkono. Chumvi inatupwa kwa mkono wa kushoto."

Naomi akasimamisha picha. Akanigeukia na macho makubwa. "Haibo! Nkambo, sumo umeijulia wapi wewe?"

"Niliijua kabla mama yako hajazaliwa."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Hakuniamini. Basi nikamwambia, na sasa nawaambia na ninyi, hasa ninyi wa umri wangu mliokulia kwenye kambi za migodi, maana ninyi hamtaniuliza kambi ni nini.

Nilizaliwa kwenye mji wa mgodi wa shaba, kule Katanga, karibu na mpaka wa Zambia. Mnajua ilivyokuwa. Nyumba zote zinafanana mpaka mlevi anaingia kwa jirani. King'ora kinawaamsha wanaume, king'ora kinawarudisha. Suruali ya baba haitakati hata uifue na majivu. Lakini mgodi wetu ulikuwa na kitu ambacho migodi yenu haikuwa nacho. Ulikuwa na Wajapani. Walikuja kuchimba, na miwani yao na kofia zao ngumu, wakajengewa nyumba upande wa miti ya mikaratusi. Sisi watoto tulidhani Wazungu wameisha duniani, ndiyo maana wameletwa hawa.

Mkubwa wa zamu ya baba aliitwa Musyu Oda, yaani Bwana Oda. Mama yangu alikuwa anamfulia nguo, na mimi nilikuwa namfuata mama kwa sababu mle ndani kulikuwa na peremende zilizofungwa kwenye karatasi ambayo nayo inaliwa. Musyu Oda alijua Kiswahili cha mgodini tu: leta, vuta, angalia jiwe, bado, vizuri. Akiniona alikuwa anasema, "Weye nguvu?" Nami nakunja mkono namwonyesha msuli. Anagusa kidogo, anaruka nyuma kama ameungua. Mazungumzo yetu yalikuwa hayo, mwaka mzima.

Na kulikuwa na sinema. Kila miezi miwili mikanda ilikuwa inakuja kutoka kwao, na Wajapani wanatundika shuka kubwa jeupe kati ya miti miwili, nje ya klabu yao. Wao na makarani wanakaa mbele, kwenye viti. Watoto wa kambi tulikuwa tunafukuzwa mbele, basi tunazunguka, tunakaa chini nyuma ya shuka. Kule nyuma hakuna aliyetufukuza. Picha ilikuwa inapenya kitambaani, inaonekana vizuri kabisa, ila upepo ukipuliza wale watu wanavimba zaidi.

Ndiko nilikowaona. Wanaume wanene, wamesimama juu ya udongo uliofinyangwa, na juu yao paa linaning'inia hewani bila nguzo wala ukuta. Nilidhani ni nyumba ambayo hawajaimaliza. Mama alipochungulia siku ya kwanza aliziba macho kwa kitenge. "Yesu! Watu wazima wamevalishwa nepi!" Lakini hakuondoka. Akina mama wote hawakuondoka.

Tuliwapa majina. Kulikuwa na Tumbo-Mbili, kulikuwa na Padri, na kulikuwa na wangu, Bandeji. Bandeji alikuwa mdogo kuliko wote, goti limefungwa kitambaa cheupe, na alikuwa anatupa chumvi nyingi kuliko mtu yeyote. Anachota kwa mkono wa kushoto, anaimwaga mpaka juu. Sisi tulikuwa tunapiga kelele. Mnajua kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu kitu. Ukimpa mtu kitu kwa mkono ule umemtukana yeye na waliomzaa. Basi nilielewa, au nilidhani nimeelewa: chumvi ile ni matusi. Unamtupia adui kama unavyomtupia mbwa. Unamwambia, njoo, sikuogopi. Na chumvi yenyewe miaka ile ilikuwa haionekani, akina mama wanapanga foleni tangu alfajiri kwa kikombe kimoja. Mtu anayemwaga chumvi namna ile, niliona, huyo amekasirika kweli.

Bandeji aliangushwa sana msimu ule wa mvua. Alikuwa anatupwa nje ya duara, anagaagaa na udongo mgongoni, nami nalia. Lakini anaamka, anainamisha kichwa, anaondoka. Halafu mkanda mwingine unakuja na Bandeji yumo. Mvua zikaisha, Bandeji yumo. Nikajiwekea akilini kitu kimoja, na hakuna mtu mzima aliyekisahihisha kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kimo kichwani mwangu: kwamba aliyeanguka anapumzika kidogo, na sinema inayofuata anarudi.

Rafiki yangu aliitwa Mwape. Alikuwa msichana wa nyumba ya pili, mwembamba, anajua kupiga mluzi. Mwanzoni mwa baridi jiwe lilimwangukia baba yake huko chini. Walimzika, na mimi na mama tukatangulia kurudi kwa Musyu Oda kukunja nguo. Kilioni watu wazima walikuwa wakisema kifo kimeingia kambini, kinatembea nyumba hadi nyumba. Nilisikiliza sana. Nilitaka kujua kimevaa nini.

Musyu Oda akatoka makaburini, suti nyeusi, viatu vina udongo. Hakuingia ndani. Akasimama pale mlangoni kwake, akasema, "Mama. Chumvi." Mama akamletea kikombe, na uso wake unauliza maswali. Musyu Oda akachota kidogo, akajinyunyizia begani, bega la pili, kifuani, nyingine akaitupa chini miguuni. Ndipo akaingia.

Mama akaninong'oneza, "Juu ya nini anaharibu chumvi?"

Mimi nilijua. Niliona fahari kujua kitu ambacho mama hakijui. Musyu Oda alikuwa anakiita kifo uwanjani. Kimemwangusha baba Mwape, sasa kije kwake kama kinaweza, mlangoni pake pale pale. Nikamheshimu kuanzia siku ile kuliko padri.

Nikamwambia Mwape asilie, baba yake atarudi sinema ijayo. Alikubali. Watoto wanakubali kitu kikisemwa na mwenye uhakika. Mkanda ulipokuja tulikaa wote wawili ndani ya blanketi moja nyuma ya shuka, baridi inauma, na kila mwanaume aliyepanda juu ya udongo Mwape alikuwa ananibonyeza.

"Yule?"

"Hapana, yule Tumbo-Mbili."

"Na yule?"

"Ngoja. Bado hawajaisha."

Waliisha. Bandeji alishinda usiku ule na sikufurahi vizuri. Baada ya juma moja mama Mwape akaambiwa nyumba ni ya mfanyakazi, na mfanyakazi hayupo. Wakafunga vitu. Mwape akanijia na kiatu kimoja mkononi, akanishika sikio kabisa ili nisisahau. "Akirudi, mwambie tuko Kasenga kwa bibi."

Nikamwahidi.

Halafu lile joto la kabla ya mvua, wakati majani yanachomwa na anga lote ni moshi. King'ora kikalia saa isiyo yake. Wanawake walitoka majumbani na mikono ina unga, wakakimbia kwenye lango la mgodi. Walinzi wakawarudisha, nendeni mkasubiri nyumbani. Mama akarudi. Akakaa kitandani, kitenge kichwani. Nikamuuliza baba yuko wapi, akasema, "Weye angalia mlango."

Nikaangalia mlango. Mama alisema hivyo ili nimwache, sasa najua. Lakini mimi niliambiwa niangalie mlango, na kifo kinatembea nyumba hadi nyumba, na kwa jirani wa pili kilishapita. Nikaenda jikoni nikachukua kopo la chumvi.

Ninyi mliopanga foleni zile mnajua nilichobeba. Nilichota kwa mkono wa kushoto, nikamwaga pale kizingitini, nikachota tena, nikairusha juu kama Bandeji mpaka ikaniangukia kwenye nywele. Mama alikuwa ananitazama. Hakunipiga, hakupiga kelele, hakuuliza. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikachuchumaa. Nikanyanyua mguu nikaupiga chini, nikanyanyua wa pili. Nikaweka ngumi sakafuni. Nikasikia miguu ya watu wanaokuja polepole.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Musyu Oda, kofia ameishika kwa mikono miwili, tope limemfika kifuani, na nyuma yake wanaume wa zamu wamesimama uani hawasogei. Sijui nilifikiri nini. Nimejiuliza miaka yote hii. Kama nilidhani kifo kimevaa uso wa Musyu Oda, au nilidhani kimejificha nyuma yake, au nilikuwa tayari kwa mtu yeyote atakayeingia. Nikaruka. Nikampiga kichwa tumboni.

Alikuwa mtu mzima. Angeweza kuninyanyua kama kuku akaniweka pembeni. Badala yake alidondosha kofia. Akachuchumaa, akanishika mabegani, akasukuma. Alisukuma kweli! Nilisikia miguu yangu inateleza kwenye chumvi. Nikasukuma na mimi, meno nimeyauma, na mguu wake ukarudi nyuma. Akajikaza. Ukarudi tena. Akavuka kizingiti, akashuka ngazi kinyumenyume, na mimi kichwa changu kimezama kwenye tope la shati lake linalonuka mawe na baruti, mpaka tukafika uani na akaniachia.

Alikuwa nje. Mimi nimemtoa.

Akanyooka. Akaunganisha miguu, akainamisha kichwa mbele yangu, chini sana, akabaki hivyo hivyo.

"Mama!" nikapiga kelele. "Mama, nimekishinda! Nimekitoa nje!"

Wale wanaume wakageuza nyuso. Mama akaja mlangoni bila viatu, akakanyaga chumvi yake, akasimama. Musyu Oda bado ameinama. Nilikuwa narukaruka kati yao.

Baadaye akasema alichokuja kusema, na maneno yake yalikuwa yale yale ya mgodini, hakuwa na mengine. Jiwe. Baba. Mama akapiga ule ukelele ambao sitauandika.

Nilichanganyikiwa, na sijui kama nimewahi kutoka katika kuchanganyikiwa kule. Nilishinda, watu wote waliona. Kwa nini basi walileta sanduku? Nilimuuliza mama, akanifunga mdomo kwa kiganja. Mvua zilipoanza mkanda ukaja, nikakaa nyuma ya shuka peke yangu, nikatazama mpaka wa mwisho. Bandeji alianguka usiku ule. Halafu na sisi tukaambiwa nyumba ni ya mfanyakazi, na nilipopanda lori nilimwachia mama wa jirani maagizo mawili, la baba Mwape na la baba yangu, nani atawakuta wapi. Yule mama alisema, "Ndiyo, mwanangu, nitawaambia." Sikuona tena sinema ile. Maisha yakanisukuma, Lubumbashi, Lusaka, mpaka huku Johannesburg, nikazaa, nikazika mume, nikawa huyu mnayemsoma.

Naomi alikuwa amezima simu. Alikuwa hacheki tena. Nyama imekaa kwenye beseni, nzi wanaanza kuja.

"Nkambo," akasema, "mlikaa nyuma ya shuka?"

"Nimekwambia. Nyuma."

Akachukua karatasi, akaandika jina lake kwa kalamu nene, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, akanitoa nje uani niitazame kwa upande wa pili. Jina la Naomi nalijua vizuri. Lilikuwa limegeuka, linatembea kinyume.

"Unaona?" akasema kutoka ndani. "Kila kitu mliona kimegeuzwa. Yule mtu wako alikuwa anatumia mkono wa kulia, Nkambo. Na goti lake lilikuwa la upande mwingine."

Nilibaki nimesimama pale nje. Maandishi yao hatukuyajua, tungejuaje kwamba yako kinyume? Kambi nzima ya watoto, mwaka mzima, na hakuna aliyeshtuka. Nikajaribu kumkumbuka Musyu Oda pale mlangoni kwake, maana yeye nilimwona kwa macho, hakukuwa na shuka. Alichota kwa mkono upi? Naona suti. Naona viatu. Naona kikombe cha mama cha bati, na rangi imebanduka pembeni. Mkono siuoni.

Sasa mimi ni mtu mzima; Naomi amenieleza kwamba kwa Wajapani chumvi inatakasa, haitukani, na najua jiwe ni jiwe. Jiwe halisikii chumvi. Tena baba alikuwa ameshaanguka kabla king'ora hakijalia, kabla sijagusa kopo. Hayo yote nayajua. Lakini yule mtoto hajui, na alisimama pale uani Rosettenville, ndani ya viatu vyangu, akauliza: kumbe nilitumia mkono usio wenyewe?

Labda nilisema kwa sauti, kwa sababu Naomi akatoka.

"Eish, Nkambo. Sikiliza." Huyu mtoto Kiswahili anakisikia lakini kinywani kinamwia kizito; siku ile alikisema chote, amekunja uso kama anayebeba gunia. "Kwa nyuma ya shuka, mikono inageuka. Sawa. Lakini aliyetolewa nje ya duara, ametolewa nje. Hilo ukitazama mbele, ukitazama nyuma, ni lile lile."

Nikamtazama mabega. Nikamwambia, "Nenda katie nyama chumvi, nzi wanaimaliza."

"Lakini ulishinda au hukushinda?"

Nilikuwa sijawahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote. Nikafikiri kuhusu lile shati la tope, na namna lilivyosukuma kwanza kabla ya kurudi nyuma. Nikafikiri kuhusu kile kichwa kilichoinama, kilivyochelewa kuinuka, chumvi kwenye nywele zangu, mama bado hajafika mlangoni, na Musyu Oda nje, kinywa kimefungwa, maneno yote yako kwake.

"Nilishinda," nikamwambia. "Nilimtoa mwanaume mzima nyumbani kwetu, na muda wote aliosimama kule nje ameinama, baba yangu alikuwa bado hajafa."